Inachemsha, Inakoroma: Maneno ya Joto Ndani ya Kompyuta

Fundi wa Tanga hasemi kompyuta imezidi joto. Husema inachemsha. Kitenzi amekitoa gereji, ambako gari huchemsha likipanda milima ya Lushoto na maji ya rejeta yakatokota, akakileta juu ya meza ya kazi pale Ngamiani, ambako ndani ya kasha analolifungua hamna maji hata tone. Mwanasarufi angeuliza: inachemsha nini? Chemsha ni kitenzi cha kusababisha, na lazima kiwepo kinachochemshwa, chai au viazi. Gari lilikuwa na maji yake, yakaachwa kutajwa kwa kuwa kila mtu aliyajua. Kompyuta haina yambwa ya kutaja wala ya kuacha, na bado sijamsikia mteja akiuliza.

Kitenzi hicho kina maana ya pili, ya mitaani. Timu iliyofungwa nyumbani imechemsha. Mtahiniwa aliyerudi na sifuri amechemsha. Kwa hiyo mwenye steshenari akilalamika kwamba mashine yake ya kuchapia barua na fomu inachemsha, anasema kwa pumzi moja kwamba ina joto na kwamba inamwangusha. Kiufundi yuko sahihi mara mbili, maana prosesa iliyopata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe, na ikiendelea kupanda huizima mashine kabla haijaungua. Istilahi rasmi yenye uwezo huo sijaiona.

Nataka kukaa na maneno ya tatizo moja tu, ambalo wenye kompyuta za mezani katika pwani hii hulikuta siku moja: viini vya prosesa visivyolingana joto, na feni inayopiga kelele kwa sababu hiyo. Tatizo lenyewe ni dogo. Maneno yake ni mengi kuliko wanavyodhani wale wanaosema Kiswahili hakina pa kushika mbele ya mashine.

Tuanze na prosesa. Jina hilo limeenea na sina ugomvi nalo. Waandishi wa istilahi hupendelea kichakataji, na hapo ndipo mtu wa Tanga hutabasamu, kwa sababu kuchakata huku si neno la vitabuni. Mkonge huchakatwa. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai ni 62 tu, ikapandwa Kikokwe, karibu na Pangani. Kutokana na hiyo mkoa mzima ukajifunza kuishi kwa kuchakata: jani linaingia kwenye mashine iitwayo korona, nyama ya jani inakwanguliwa, uzi unabaki. (Korona lilikuwa jina la mashine za Kijerumani za zamani. Tangu mwaka 2020 anayelitaja inabidi aeleze kwanza kwamba haumwi.)

Sasa tazama ajabu hii. Kichakataji cha kompyuta nacho kina nyuzi. Katika lugha ya wahandisi, mfululizo mmoja wa kazi unaoendeshwa na kiini huitwa uzi, na prosesa nyingi huendesha nyuzi mbili katika kila kiini: viini vinne, nyuzi nane. Intel iliingiza mbinu hiyo katika kompyuta za mezani mwaka 2002. Walioiita hivyo hawakuwa wamefika Muheza wala kusikia harufu ya korona asubuhi, lakini ukiyaweka maneno yao kwa Kiswahili, kichakataji na nyuzi, shamba la mkonge linasimama mbele yako bila kuitwa. Tofauti iko kwenye taka. Katika jani la mkonge, uzi hauzidi sana asilimia 4 ya uzito, na kilichobaki ni maji na makapi. Prosesa ni mbadhirifu zaidi: karibu umeme wote unaoingia humo hutoka ukiwa joto. Zikiingia wati 65, basi wati 65 za joto zitafutiwe pa kwenda.

Utata huanzia hapohapo, kwa sababu nyuzi ni vipimo vya joto pia. Mamlaka ya Hali ya Hewa hututangazia nyuzi joto 32 na hakuna anayefikiria kamba. Fundi akiniambia kiini cha pili kina nyuzi 80, naelewa. Lakini akisema kila kiini kimeongezewa nyuzi mbili, nami najua anaweza kuwa amegusa mipangilio ya kazi au amekosea kufunga kipozaji kinachokaa juu ya prosesa, sijui nimshukuru au nimlalamikie. Dawa yake ni rahisi: tuandike nyuzijoto kwa joto, neno moja lisilotenganishwa, na nyuzi peke yake iachiwe kazi. Wapo wanaokimbilia digrii. Digrii nayo ina chuo kikuu ndani yake.

Kiini ni neno zuri na limeshashika. Kiini cha yai, kiini cha jicho, kiini cha tatizo. Wasiwasi wangu juu yake ni mmoja: limezoea upweke. Yai lina kiini kimoja, na likitokea lenye viwili jikoni huitana kulitazama. Prosesa ya leo ina viini sita, nane, kumi na sita, na sababu ya wingi huo ni hilihili joto tunalolizungumzia. Watengenezaji walikuwa wakifukuzia kasi ya kiini kimoja. Pentium 4 ya aina iliyoitwa Prescott ilifika gigahezi 3.8 mwaka 2004, ikagota hapo. Mei mwaka huohuo Intel ilifuta mradi wa prosesa iliyokuwa ifuate, Tejas, kwa kuwa joto lake lilikuwa halibebeki. Mwaka 2005 Intel na AMD zote zikaingiza sokoni prosesa za mezani zenye viini viwili. Kazi iliyoshindikana kukimbizwa ikagawanywa. Kwa hiyo kila tunaposema viini kwa wingi, tunataja suluhu waliyofikia wahandisi walioshindwa na joto.

Kuna wanaoliita kiini hata ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, Linux kwa mfano, na matokeo yake ni sentensi kama kiini cha Linux hugawa kazi kwa viini vya prosesa. Hapo ningetoa kokwa. Embe lina kokwa moja tu, nayo ni ngumu, haifiki mdomoni ila kwa aliyemaliza kula nyama. Mfumo endeshi nao una kokwa moja. Kiini kibaki kwenye prosesa, kizoee wingi wake.

Na kiini kina mtoto ambaye katika mada hii anafaa kuliko mzazi: kiinimacho. Mwenye kompyuta anaposhusha programu ya kupima joto na kuona kiini kimoja kina nyuzijoto 34, cha pili 41, cha tatu 36, mashine ikiwa haifanyi kazi yoyote, hushikwa na hofu na kwenda kwa fundi. Mara nyingi hicho ni kiinimacho tu. Vipimajoto vilivyomo ndani ya viini vimerekebishwa visome sawasawa karibu na kikomo cha joto, ambacho kwa prosesa nyingi za Intel ni nyuzijoto 100, kwa sababu kule juu ndiko kwenye hatari. Huku chini, mashine ikiwa imetulia, vinaweza kukosea kwa nyuzijoto kadhaa na hakuna kinachoharibika. Tofauti ya kuitazama ni ile inayojitokeza mashine ikiwa na mzigo.

Tofauti hiyo mafundi wana kitenzi chake, tena kitamu: viini vinapishana. Ndugu wamepishana miaka miwili, bei zimepishana shilingi mia tano, viini vimepishana nyuzijoto kumi. Nashangaa kwa nini orodha za istilahi hazijaliokota. Tofauti ni neno pana mno; kutolingana ni lawama. Mpishano unasema kiasi na hauhukumu, na hivyo ndivyo ilivyo, maana mpishano mwingi hauna kosa. Muuza vitumbua wa alfajiri anaujua: chuma ni kimoja, makaa ni mamoja, na shimo la katikati huiva kabla ya mashimo ya pembeni. Kiini kilichozungukwa na wenzake hakina pa kutupia joto lake isipokuwa juu. Cha pembeni kina ubavu. Tena mfumo endeshi hauvigawii kazi kwa usawa. Prosesa nyingi huwa na kiini kimoja au viwili vilivyopimwa kiwandani vikaonekana vinakimbia kuliko vingine, na hivyo ndivyo hubebeshwa kazi kwanza. Kuanzia mwishoni mwa 2021 prosesa za Intel za mezani zimekuja na viini vikubwa na vidogo kwa makusudi katika kipande kimoja, na kudai vilingane joto itakuwa sawa na kumdai mtoto abebe gunia la baba.

Mpishano wa nyuzijoto tano hadi kumi chini ya mzigo mzito ni wa kawaida. Ukikaribia 20, fundi mzuri haulizi programu, anatafuta bisibisi. Huenda kipozaji kimekaa upande, pesti inayopakwa kati yake na prosesa imekauka au imepakwa nusu, au skrubu moja imekazwa mpaka mwisho kabla ya nyingine kushika. Atafungua, atafuta pesti ya zamani kwa spiriti, atapaka mpya kiasi cha punje, kisha atakaza kwa msalaba, kidogo hapa na kidogo pale, hadi zote nne zishike pamoja. Kazi ya nusu saa.

Joto na halijoto nayo ni mawili, na ajabu ni kwamba lugha yetu imeyatenganisha vizuri kisha sisi tukayachanganya tena. Joto ni kile kinachozalishwa, na hupimwa kwa wati kikiwa kinatiririka. Halijoto ni hali ya kitu kwa wakati fulani, na hupimwa kwa nyuzijoto. Viini viwili vinaweza kuzalisha joto sawa vikawa na halijoto mbalimbali, kwa sababu kimoja kimezibiwa njia. Jotoridi, lile la vitabu vya sayansi, lilibuniwa kwa kuunga joto na baridi na lina mantiki yake, ila halijoto limelishinda kwa wepesi. Anayeshika tofauti hii hataamini tena kwamba feni inapunguza joto. Feni hulihamisha tu. Wati 65 zilizotoka kwenye prosesa sasa zimo chumbani pamoja nawe, na kama madirisha yamefungwa kwa ajili ya mbu na vumbi, zitarudi kuingia kasha mara ya pili.

Ni kweli pia kwamba kompyuta ya pwani ina misimu. Kwa kazi ileile, kila nyuzijoto inayoongezeka chumbani huongeza takriban moja kwenye prosesa. Wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, mchana wa Tanga huvuka nyuzijoto 30 bila shida, na mashine iliyokuwa ikipumua vizuri wakati wa kusi huanza kutweta. Lakini fukuto haliihusu. Fukuto ni neno la mwenye ngozi: hewa nzito ya unyevu inayozuia jasho kukauka. Kompyuta haitoi jasho, kwa hiyo nyuzijoto 32 za Tanga na nyuzijoto 32 za Dodoma kwake ni zilezile. Unyevu wa bahari unaidhuru kwa njia nyingine, ya polepole: chumvi inakula skrubu na pini, na vumbi lililolowa unyevu hugandamana kwenye kipozaji badala ya kupeperuka. Mtu wa Raskazone anayeishi jirani na maji atumie brashi na bloa mara nyingi kuliko mwenziwe wa Korogwe.

Nafika kwenye kitenzi ninachokipenda kuliko vyote katika mada hii, kupoza. Kwanza kina hatari ya tahajia. Herufi moja inakitenganisha na kupooza, na mhariri aliyechoka anaweza kuandika kifaa cha kupooza prosesa akakichapa hivyo, mashine ikapigwa kiharusi kurasani. Pili, kina maisha mengine ya hadhi katika nchi hii: kituo cha kupoza umeme. Umeme wa Hale, mtambo wa maji wa mto Pangani uliofunguliwa mwaka 1964, husafiri kuja Tanga ukiwa na msongo wa kilovolti 132, nao hauwezi kuingia nyumbani ukiwa hivyo. Hushushwa kituoni, kisha hushushwa tena kwenye transfoma ya mtaani. Kushusha huko ndiko Watanzania tukakuita kupoza. Mwenye haraka atasema ni kosa, umeme haupoi kwa sababu haukuwa na joto.

Ingia sasa ndani ya kompyuta, uone kosa hilo linavyogeuka kuwa hekima. Joto la prosesa hufuata mraba wa volti. Punguza volti kwa asilimia 10, kasi ikiwa ileile, na joto la kazi yake linapungua kwa karibu asilimia 19. Hakuna feni iliyonunuliwa, hakuna kelele iliyoongezeka, hakuna kilichofanywa isipokuwa kuingia kwenye mipangilio na kupoza umeme. Prosesa nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepewa volti ya ziada kidogo, ili hata ile dhaifu kuliko zote katika toleo lake ifanye kazi bila kuyumba, na mwenye subira anaweza kuirudisha ziada hiyo hatua kwa hatua akijaribu kila hatua kwa mzigo. Istilahi ya jambo hili haijaandikwa popote nilipotazama. Mimi sitafuti mpya: kupoza umeme wa prosesa. Volti inashuka, nyuzijoto zinashuka nazo, na neno la shirika la umeme, TANESCO, linafaa kwa maana zote mbili. Tahadhari ni kwamba ukiipoza mno, kompyuta inaganda. Na hilo si mzaha wangu, ndivyo kila mtu anavyosema mashine inapokwama.

Upande wa pili wa tatizo ni feni. Neno feni ni fupi, halina kosa, na limemsukuma pembeni mzee mmoja ambaye bado anaishi katika nyumba za watu wazima: pangaboi. Wenye kulitamka leo humaanisha feni ya darini. Asili yake iko Bara Hindi, ambako pankha lilikuwa pazia au ubao mkubwa ulioning'inizwa juu ya mabwana na kuvutwa kwa kamba na mtumishi, saa baada ya saa, usiku kucha. Aliyevuta kamba ndiye aliyekuwa boi wa pankha. Injini ikaja, kamba ikaondoka, mtu akaondoka, jina lake likabaki kwenye mashine. Kompyuta nayo ilipita njia hiyohiyo: kabla ya katikati ya karne iliyopita, kwa Kiingereza jina hilo lilikuwa la mtu, karani aliyeketi kupiga mahesabu ya nyota, bima na mizinga. Leo ndani ya kasha moja chini ya meza wamekaa wafanyakazi wawili walioachishwa kazi, mpiga hesabu na mpepea hewa, na wa pili bado anampepea wa kwanza.

Sikio la Mswahili limeligeuza pangaboi kwa namna yake. Lilisikia panga ndani yake, na kweli vipande vinavyozunguka mafundi huviita mapanga ya feni. Neno hilo nalipa kura yangu yote, kwa kuwa linaonyesha umbo na kitendo na linaeleza kwa nini kidole kisiingizwe.

Kelele ni neno la mtu aliyekasirika. Halimsaidii anayesikiliza. Mteja akifika na kusema feni inapiga kelele, fundi hajaambiwa kitu, ataiwasha na kuanza upya. Na hapa Kiswahili ni tajiri kupita kiasi, kwa kuwa kila sauti ina kitenzi chake na kila kitenzi kinaelekeza kwenye kasoro yake. Feni inayovuma ni nzima. Ni hewa tu inayokatwa na mapanga yanayokwenda mbio, na swali ni kwa nini inakwenda mbio. Feni inayokoroma, hasa asubuhi inapowashwa, beringi yake imekauka mafuta, na dawa ni kuibadili kabla haijanyamaza kabisa, kwa maana kimya chake ni kibaya zaidi. Inayokwaruza imeguswa na waya au imejaa uchafu. Inayogonga kwa mpigo mmoja mmoja ina panga lililovunjika ncha. Kasha linalotetema lina skrubu iliyolegea au feni iliyofungwa bila mpira. Na kuna mluzi, mwembamba, wa juu, unaobadilika unapoburuta dirisha kwenye kioo. Huo si wa feni hata kidogo. Ni koili za umeme zinazotikisika kwa kasi, na wapo watu waliobadili feni zote kasha zima wakabaki na mluzi wao.

Nasema mvumo wa feni, si uvumi, maana uvumi umeshachukuliwa na habari zisizo na mwenyewe.

Mvumo huo na mpishano wa viini ni jambo moja, na wengi hawalijui. Kidhibiti cha feni kwa kawaida hakisikilizi wastani wa viini vyote. Kinamsikiliza aliye moto kuliko wote. Kiini kimoja kikibebeshwa ukurasa mzito wa intaneti, kinaweza kuruka nyuzijoto 15 kwa sekunde moja, wenzake saba wakiwa wamelala. Feni inavuma, kiini kinapoa, feni inashuka, ukurasa mwingine unafunguliwa, inavuma tena. Kipozaji chenyewe, kipande kile kizito cha alumini au shaba, hakijapata hata muda wa kupata uvuguvugu. Mbio zote zile hazikupoza kitu. Na sikio huchoshwa na sauti inayopanda na kushuka kuliko ile iliyotulia, hata kama iliyotulia ni kubwa zaidi: mtu hulala fofofo chini ya pangaboi linalovuma usiku kucha, akaamshwa na friji inayojiwasha.

Kompyuta nyingi za mezani zina mpangilio wa kuichelewesha feni, isubiri sekunde chache kuona kama joto limekuja kukaa au linapita. Wahandisi wana neno refu la Kigiriki kwa tabia hiyo ya kutobadilika upesi. Sisi tunayo subira. Iandikwe subira ya feni: sekunde tano, sekunde kumi. Ukiongeza subira na kuinua kidogo kasi ya chini kabisa, feni inapata mvumo mmoja wa upole na viini havipotezi chochote. Na anayeweza kununua kubwa anunue kubwa. Feni ya milimita 140 inayozunguka taratibu husogeza hewa sawa na ndogo inayokimbia, na kasi ikipunguzwa nusu sauti inashuka kwa takriban desibeli 15, tofauti ambayo hata mtu wa chumba cha pili ataitambua.

Mtu wa pwani akishapewa feni na upepo katika sentensi moja hajizuii kwenda baharini, nami sitajifanya mgumu. Manahodha wana joshi, upande unaotoka upepo, na demani, upande unakokwenda. Kasha la kompyuta nalo lina pande hizo hasa: feni ya mbele inaingiza, feni ya nyuma inatoa, na anayezifunga zikitazamana amejenga chombo kisichokwenda. Feni ya joshini na feni ya demani yangekuwa majina mafupi na kamili. Lakini sitayapigia debe. Kijana wa Mwanza hajawahi kuyasikia, na hata vijana wengi wa Tanga wangeyaulizia kwa babu. Feni ya kuingiza na feni ya kutoa zinatosha.

Kalafati nalo linajipendekeza. Ni pamba na mafuta yanayoshindiliwa kwenye nyufa za mbao za jahazi, na pesti ya prosesa inaziba nyufa pia, zile ndogo zisizoonekana kati ya chuma na chuma. Ukitazama mkono wa fundi, kitendo ni kimoja. Ukitazama kusudi, ni kinyume chake: kalafati inazuia maji yasipite, pesti inalipisha joto. Neno linalodanganya kuhusu kusudi halifai, hata likiwa zuri kiasi hiki. Ibaki pesti.

Mawili ya baharini nayashikilia. La kwanza ni mapezi, vile vibati vyembamba vya kipozaji vinavyolitandaza joto hewani; yeyote aliyewahi kushika changu au kolekole atayatambua bila kuelezwa. La pili ni la jambo nililoanza nalo, prosesa inayojipunguzia kasi ili isiungue. Maandishi mengi huandika kupunguza kasi, na ni sahihi, ila nahodha naye hupunguza kasi kwa sababu nyingi. Anapopunguza tanga sababu ni moja tu: upepo umezidi nguvu ya chombo. Prosesa imepunguza tanga. Sisemi hivyo kwa kuupendelea mji. Ni kwamba nimekosa neno jingine linalobeba kitendo na hatari yake pamoja.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye menyu za Kiswahili, na ikawa hatua kubwa. Lakini msamiati ule ulikuwa wa kwenye kioo: faili, hariri, hifadhi. Ndani ya kasha haukuingia, wala haikuwa kazi yake. Vyombo vya Kiswahili, BAKITA na TATAKI, vinao wataalamu wa kuingia huko, na njia fupi haipiti kwenye kamusi za Kiingereza. Wakae wiki moja kwenye benchi la fundi na daftari, Ngamiani au Kariakoo au Darajani, waandike kila kitenzi kitakachotamkwa kabla ya mteja kulipa.

Nawe msomaji, siku utakapoibeba mashine yako kwenda kutengenezwa, usimwambie fundi inapiga kelele na ina joto. Mwambie inavuma, inakoroma au inapiga mluzi. Mwambie huanza ikiwashwa au ikipata mzigo. Mwambie viini vinapishana nyuzijoto ngapi. Ukimweleza hivyo atajua pa kuanzia, na bili yako itapungua.